UZI: Websaiti ya gesti, skuli au kikundi kwenye klaudi kwa domeni yako mwenyewe, na kisa cha jina lililopotea

Mkarafuu_Chake

Assalaam alaykum jamani. Uzi huu nimeuahidi zamani, leo nimekaa niuandike wote. Ni mrefu. Mwenye haraka aruke baadhi ya mambo lakini kisa cha mwanzo kisomeni, khasa nyinyi wenye biashara.

Kuna mama mmoja huku kaskazini ya Pemba, njia ya kwendea Vumawimbi, ana gesti ya vyumba vitano. Kijana mmoja alimtengenezea websaiti, na kazi ilikuwa nzuri wallahi, wageni wakawa wanampata moja kwa moja bila ya kupitia kwa mawakala. Mwaka wa tatu websaiti haifunguki. Kumbe domeni, yaani jina la websaiti, kaisajili yule kijana kwa imeili yake mwenyewe, na kijana kashahama, namba yake ya zamani haipatikani, imeili zote za kukumbusha kulipa zinakwenda kwake na mama hajui lolote. Domeni ya .com ikishafutwa inakaa siku 30 ambazo bado inakomboleka, kwa pesa nyingi zaidi kuliko ada ya kawaida, na wa kuikomboa ni yule mwenye akaunti. Baada ya hapo ikaachiwa na mtu mwengine wa mbali akaichukua. Mama alipofika kwangu jina lile liko kwenye kibao cha njiani, kwenye kadi, kwenye fulana za wafanyakazi, na ukilifungua unakuta matangazo ya kamari. Mtu mzima anaswali swala tano, jina la nyumba yake linafungua kamari.

Kurasa niliziweka upya alasiri moja tu. Jina sikuweza kumrudishia, na mpaka leo naumia nikimkumbuka alivyokaa kimya pale barazani.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye klaudi (yaani kompyuta za makampuni unazozikodi kupitia mtandao): domeni na hosti ni vitu viwili mbali mbali. Hosti ni pahala faili zinapokaa, unaweza kuhama leo Amazon kesho kwengine na mgeni asijue. Domeni ni jina. Jina lisajiliwe kwenye akaunti ya mwenye biashara, imeili yake, namba yake ya simu, na paswedi iandikwe kwenye daftari liwekwe kabatini. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, asipewe umiliki. Na ukishasajili .com kuna imeili inakuja kukutaka uthibitishe, ibonyeze, una siku 15 tu, zikipita domeni inasimamishwa na utadhani imeharibika.

Kama unataka .tz iko ya .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa vikundi na taasisi, .sc.tz kwa skuli, hata .hotel.tz ipo. Unanunua kwa wasajili walioidhinishwa, yaani makampuni yanayosajili majina.

Sasa klaudi. Websaiti ya gesti mara nyingi ni kurasa tuli, yaani HTML, picha na mapambo, hakuna database, hakuna mtu kuingia na paswedi. Kitu kama hicho hakihitaji seva yako peke yako inayowaka usiku na mchana. Faili zinawekwa stoo, anayeziomba anapelekewa, basi.

Mimi natumia Amazon S3, ndo stoo ya faili, na CloudFront mbele yake, ndo anayewapelekea watu faili hizo. S3 ipo tangu 2006, na tangu 2011 inaweza kutoa websaiti yenyewe, ndo maana mafunzo mengi ya zamani yanakwambia tengeneza baketi (chombo cha kuwekea faili ndani ya S3) yenye jina sawasawa na domeni yako, ifungue kwa umma, imekwisha. Njia hiyo bado inafanya kazi lakini ina kasoro kubwa moja, anuani ile ya websaiti ya S3 haina HTTPS (ile njia salama yenye alama ya kufuli), ni HTTP tupu. Brauza inamuandikia mgeni kwamba tovuti si salama. Mtu yuko Italia anataka kukutumia pesa ya vyumba viwili anaona maandishi hayo, ataendelea kweli?

Ninavyofanya ni hivi. Naunda baketi, jina lolote, naiacha IMEFUNGWA. Tangu Aprili 2023 baketi mpya zinakuja zimefungwa kwa umma zenyewe, na mafunzo ya kale yatakwambia uzifungue, usifungue, huna haja. Napakia faili zote, index.html iwe juu kabisa isiwe ndani ya folda. Halafu CloudFront, naunda distribusheni mpya (mpangilio wa kusambaza websaiti moja), chanzo chake naweka ile baketi, na nachagua njia ya ruhusa inayoitwa OAC ambayo maana yake CloudFront peke yake ndo anaruhusiwa kuchota kwenye baketi, mwengine yeyote akigonga mlango haufunguki. Itakupa maandishi ya sera uyabandike kwenye baketi, yabandike kama yalivyo. Na pale palipoandikwa faili la mwanzo andika index.html bila ya mkwaju (/), ukisahau hapa utapata ukurasa wa makosa halafu utahangaika siku nzima.

Halafu cheti cha HTTPS. Hapa ndo watu wengi wanakwama na mimi nilikwama siku mbili: cheti kinachotumika na CloudFront LAZIMA kiombwe kwenye rijeni (eneo la seva za Amazon) ya Virginia Kaskazini, us-east-1, hata kama baketi yako iko Cape Town. Ukikiomba rijeni nyengine hakitaonekana kwenye orodha. Ni bure. Omba majina yote mawili, lenye www na lisilokuwa na www. Watakupa rekodi ya CNAME (inayolielekeza jina moja kwenye jina jengine) uiweke kwenye DNS yako, yaani daftari la mtandao linaloonesha jina lako linakwenda wapi, kuthibitisha kwamba domeni ni yako, iweke na uiache pale maisha, kwa sababu cheti kinajihuisha chenyewe kwa kuitazama rekodi ile. Nimeona mtu kaifuta akidhani ni uchafu, baada ya miezi cheti kikafa.

Mwisho ni DNS yenyewe. www unaielekeza kwa CNAME kwenye ile anuani ya CloudFront inayoishia cloudfront.net. Lakini jina tupu lisilo www haliwezi kuwa CNAME, sheria ya DNS inakataza kwa sababu pale juu pana rekodi nyengine zinazolazimika kuwepo. Ukitumia Route 53, huduma ya DNS ya Amazon, wana kitu kinaitwa alias kinachotatua hilo. Route 53 ni senti 50 za dola kwa mwezi kwa domeni moja, sawa na dola 6 kwa mwaka. Pia Cloudflare, kampuni nyengine, wana DNS ya bure na wao jina tupu wanalitatua kwa njia yao.

Gharama yote, stoo ya S3 pale Virginia ni kama dola 0.023 kwa GB kwa mwezi, websaiti ya gesti haifiki hata MB 200 basi ni chini ya nusu senti. CloudFront wanakupa TB 1 ya bure kila mwezi. Kwa hiyo ukitoa domeni yenyewe, unalipa zile senti 50 na chenji kidogo.

Ulizeni, nipo mpaka isha.

Ngalawa_Jambiani

Yakhe mashallah, umeeleza vizuri. Suali langu, sisi hapa ofisini tuna kompyuta nzuri tu na intaneti ya faiba, kwa nini tusiihosti wenyewe hapa hapa, kwani lazima faili zetu ziende Marekani? Naona kila kitu chetu tunapeleka nje.

Mkarafuu_Chake

Suali zuri na moyo wako naufahamu. Lakini kumbuka Unguja ilivyokaa gizani, kuanzia mwisho wa Mei 2008 karibu mwezi mzima, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kebo ya umeme ya baharini imekufa na watu wanachota maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazendi. Leo hali si ile, lakini umeme ukikatika saa mbili tu usiku wa Jambiani, huko Ulaya mtu ndo anachagua wapi atakwenda likizo. Websaiti yako inabidi iwe macho wewe ukiwa gizani.

Na intaneti hivyo hivyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja kule kusini, sote tunaikumbuka, WhatsApp haipeleki hata salamu. Siku zile waliohosti nje websaiti zao zilikuwa zinafunguka kama kawaida kwa mgeni aliyeko Ujerumani. Sisi ndo tulikuwa hatuwaoni. Kompyuta iliyo ofisini kwako ingekuwa kinyume chake, jirani zako wanaiona, mgeni haioni.

Ila neno lako la kupeleka kila kitu nje nalichukua kwa uzito. Ndo maana nasema weka nakala ya faili zote kwako, kwenye flashi na kwenye kompyuta ya ofisi. Kurasa tuli zina uzuri huo, folda nzima ni yako, unaibeba unahama nayo. Faida nyengine, CloudFront na Cloudflare hawampelekei mtu faili kutoka Marekani kila mara, wana vituo karibu, Cloudflare wana kituo Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo aliyeko Mkoani akifungua kurasa inakuja kutoka hapo ng'ambo ya mkondo tu.

Mwalimu_Konde

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, tunataka websaiti ya skuli, matokeo, kalenda, picha za mahafali. Skuli haina kadi ya benki ya kulipia mitandaoni na hiyo Amazon naona inataka kadi tangu mwanzo. Tufanyeje?

Mkarafuu_Chake

Waalaykum salaam mwalimu. Nyinyi msihangaike na Amazon. Tumieni GitHub Pages, nayo ni hosti ya kurasa tuli ya bure, haitaki kadi. Unafungua akaunti, unaunda hazina ya faili iliyo wazi kwa umma, unapakia, unawasha Pages kwenye mipangilio. Mpaka websaiti ya GB 1 na kama GB 100 za watazamaji kwa mwezi, skuli haitafika huko.

Domeni yenu ya .sc.tz mkiipata, kwenye DNS wekeni rekodi nne za A (zinazolielekeza jina kwenye namba za seva): 185.199.108.153, 185.199.109.153, 185.199.110.153 na 185.199.111.153, zote nne msiache hata moja. www ni CNAME kwenda kwenye jina la akaunti yenu la github.io. Halafu andikeni domeni kwenye mipangilio ya Pages, subirini, na pakitokea kisanduku cha kulazimisha HTTPS kiwekeeni alama. Cheti wanakitoa Let's Encrypt, bure.

Wenye gesti msikimbilie huko na nyinyi, masharti ya GitHub yanakataza kuifanya hosti ya bure ya kuendeshea biashara. Kama hutaki Amazon angalia Cloudflare Pages, ni bure, haina kikomo cha watazamaji kwa kurasa tuli, ila faili moja lisizidi MB 25, kwa hiyo video ya drone haipiti, iweke YouTube.

Mwalimu jambo moja nakuomba kama mzazi: hazina ile ni wazi kwa dunia nzima hata ukifuta baadae historia inabaki. Matokeo yenye majina kamili ya watoto msiyaweke. Tumieni namba.

Mwalimu_Konde

Hilo la majina sikulifikiria kabisa. Tutatumia namba, ahsante sana.

Binti_Shangani

Kaka nimefuata hatua zako zote jana usiku mpaka saa nane, ukurasa wa mwanzo unafunguka na kufuli ipo mashallah nimefurahi nikamuamsha mume wangu. Lakini nikibonyeza Vyumba napata ukurasa mweupe umeandikwa AccessDenied, na picha nusu zipo nusu hazipo, kwenye laptop yangu zote zipo. Nimejaribu kuifungua baketi kwa umma hakuna kilichobadilika.

Mkarafuu_Chake

Dada kwanza ifunge baketi sasa hivi, kosa halipo hapo.

Vyumba: bila shaka linki yako inakwenda kwenye folda, /vyumba/, na ndani yake umeweka index.html. CloudFront lile faili la mwanzo analijua kwa ukurasa wa juu kabisa tu, ndani ya folda hatafuti index. Anaomba kitu kinachoitwa "vyumba/", hakipo, na S3, kwa vile CloudFront hakuruhusiwa kutazama orodha ya vilivyomo, haimwambii hakipo, inamwambia huruhusiwi. Ndo maana unadhani ni ruhusa. Njia nyepesi badilisha linki iende vyumba/index.html, au ufanye vyumba.html iwe juu pamoja na nyengine. Njia ya pili ni kuweka funksheni ndogo ya CloudFront inayoongeza index.html kwenye kila anuani inayoishia na mkwaju, ukiitaka ntakutumia.

Picha: tazama herufi. Windows haijali picha1.JPG na picha1.jpg, S3 kwake hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Simu na kamera nyengine zinaandika JPG kubwa na wewe kwenye HTML umeandika ndogo. Badilisha zote ziwe herufi ndogo, na usiache nafasi kwenye majina.

Ukisharekebisha utaona bado ni yale yale, usikate tamaa, ni kashe. CloudFront anashika nakala kwa saa 24 kama hukumwambia vyengine. Ingia kwenye distribusheni yako umwambie afute kashe ya njia ya /* yaani mkwaju na nyota, hiyo inahesabiwa njia moja na una njia 1,000 za bure kila mwezi.

Na picha zipunguze jamani. Picha ya simu MB 5, mgeni wako anaifungua yuko kwenye boti ya Azam baina ya Dar na Unguja mtandao unakwenda na kurudi. Ziwe kama KB 200, mfumo wa WebP, macho hayataona tofauti.

Binti_Shangani

IMEKUBALI. Ilikuwa herufi kweli, picha 11 zote za JPG kubwa. Allah akulipe kheri. Na kupokea bukingi inakuwaje, fomu yangu ukibonyeza tuma haiendi popote.

Mkarafuu_Chake

Kurasa tuli hazina mtu nyuma wa kupokea fomu. Mimi kwa gesti ndogo sifanyi fomu kabisa, naweka kitufe cha WhatsApp: wa.me halafu mkwaju halafu namba ianze na 255, bila ya kujumlisha na bila ya sifuri. Mgeni anabonyeza anakuandikia, unamjibu ukiwa sokoni. Wageni wengi wanapenda hivyo kuliko fomu kwa sababu wanamuona mtu.

Forodhani_Kati

Naomba niongeze tahadhari maana nilidhurika. Nilihamisha neimseva (seva zinazoshika DNS) za domeni kutoka kwa msajili kwenda pahala pengine ili nipate hiyo alias, websaiti ikafunguka vizuri, nikalala raha. Siku nne baadae ndo nagundua hakuna imeili hata moja iliyoingia ya bukingi. Kumbe rekodi za MX za imeili zilikuwa kwenye DNS ya zamani na mimi sikuzihamisha. Wageni waliandika barua zikawarudia. Wawili walikwenda kwengine.

Mkarafuu_Chake

Ahsante kwa hili, nilipaswa kulisema juu kule. Kabla hujabadilisha neimseva piga picha ukurasa mzima wa DNS ya zamani, kila rekodi, MX na TXT khasa, uziandike zote kwenye mpya KWANZA ndo uhamishe. Na mabadiliko ya neimseva yanaweza kuchukua mpaka saa 48 kufika kila pahala kwa hiyo fanya msimu wa masika gesti ikiwa tupu, usifanye Julai.

Na kinyume chake pia, ukiacha kutumia hosti fulani futa na rekodi ya DNS iliyokuwa inaelekea kule. Ukifuta baketi au kurasa za GitHub ukaiacha rekodi inaning'inia, mtu mwengine anaweza kulichukua pahala pale na akaonekana yeye chini ya jina lako.

Wenye Amazon pia washeni ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, na wekeni taarifa ya bajeti hata ya dola 2, ijulikane inakuletea imeili tu, haizuii matumizi. Ukiipata ingia uangalie.

Ngalawa_Jambiani

Nimerudi. Kile kisa cha mwanzo kimenikosesha usingizi. Nimeangalia domeni yetu, imesajiliwa kwa imeili ya fundi. Yupo, hajahama, ni mtu mwema tu hatujawahi kulizungumza. Nafanyaje bila ya kumvunjia heshima?

Mkarafuu_Chake

Mwende umtembelee, usimuandikie. Mwambie unataka vitu vya ofisi vikae kwenye daftari la ofisi, fundi mwema atafahamu, mimi wateja wangu wote nishawakabidhi majina yao. Mkiwa kwa msajili mmoja wewe na yeye njia rahisi ni wewe ufungue akaunti yako pale pale na yeye aisukume domeni iingie kwako, mara nyingi inakwisha siku hiyo hiyo. Ukitaka kuipeleka kwa msajili mwengine, kwa .com afungue kufuli ya domeni akupe kodi ya uhamisho (maandishi ya siri, si kodi ya pesa), msajili akiombwa kodi ile ana siku 5 za kuitoa. Domeni ikiwa imesajiliwa au imehamishwa ndani ya siku 60 zilizopita itakataa, subirini. Kodi hiyo ni kama ufunguo wa nyumba, usiitume kwenye gurupu wala usiibandike humu.

Na angalieni tarehe ya kumalizika kabla ya yote. Ikiwa imebaki chini ya mwezi, ilipieni kwanza pale ilipo ndo muihamishe.

Ngalawa_Jambiani

Nimekwenda baada ya alasiri, tumekunywa chai na mandazi, nusu saa imekwisha. Kasema na yeye alikuwa na mzigo huo moyoni, ana domeni 14 za watu na hajui akifa zinakwenda wapi. Yetu inamalizika tarehe 3 mwezi ujao, tumeilipia hapo hapo miaka miwili kwa kadi yangu, na imeshaingia kwenye akaunti ya ofisi. Imeili ya kuthibitisha nimeibonyeza mbele yake. Kesho anakuja tukae naye tuanze na hiyo baketi, na hizo 13 nyengine kaanza kuwapigia simu wenyewe.